Chupa Aliyoitupa Rodah

Jumamosi hiyo, jirani zangu, boma la Rodah na mumewe Johana lilikuwa limetulia. Ng'ombe walikuwa wameshakamuliwa. Johana alirudi kutoka kuchuma majani chai, koo limemkauka, akaona chupa ya soda chini ya meza ya jikoni. Akapiga mafunda mawili kabla hajashtuka.

Ilikuwa dawa ya kupe. Rodah na jirani yake Jerusa walikuwa wameinunua pamoja wakagawana. Jerusa alibaki na mkebe wenye maandishi, naye Rodah akamimina fungu lake kwenye chupa hiyo, kwa mikono yake mwenyewe.

Alipomkuta mumewe anatokwa jasho na mate, Rodah hakuwaza hospitali. Aliwaza watu. Jana yake walikuwa wamegombana, na nyumba ya mabati haina siri. Watasema amejiua. Ama watasema nimemuua. Akaitupa chupa chooni. Kisha akamnywesha maziwa kwa nguvu na kumtia vidole kooni ili atapike. Johana akapaliwa, akaanza kukoroma.

Jerusa alikuja mbio. "Rodah, amekunywa nini huyu?"

"Ni tumbo tu. Mboga ya jana."

Jerusa akasaidia kumfikisha hospitalini, na huko daktari akauliza vilevile. "Mama, sema ukweli. Nisipojua, nitatibu nini?"

"Mboga tu, daktari."

Saa nzima ikapita hivyo. Johana alipoacha kuitika jina lake, Rodah aliangua kilio. "Ni dawa ya kupe! Chupa nimetupa choo!"

Jerusa akashika kichwa. "Si mkebe uko kwangu, Rodah! Jina la dawa limeandikwa hapo! Ungeniambia tu, ningekuja nao!"

Mkebe uliletwa kwa bodaboda. Daktari akausoma, akakimbilia sindano, lakini sumu ilikuwa imeshamlemea, na maziwa yalikuwa mapafuni. Johana alikufa kabla ya jua kutua. Na watu je? Walisema yaleyale aliyoyaogopa.

FUNZO

Dawa ya mifugo ikae kwenye mkebe wake, mbali na jikoni, wala isiingie kamwe kwenye chupa ya soda. Mtu akinywa sumu, usimtapishe wala usimpe maziwa. Akilegea, mlaze kwa ubavu. Mkimbize hospitalini pamoja na mkebe, na useme ukweli wote mlangoni. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha Rodah tulikisikia kijiji kizima.