Kitita Kilichofika Gachoka

Jumamosi hiyo soko la Embu lilikuwa limefurika. Cicily, mwalimu wa Kiingereza wa watu wazima katika mtaa wa Majimbo, alikuwa anachagua nyanya, amependeza ndani ya gauni la manjano, kijana mmoja alipomkanyaga kiatu.

"Sorry, madam. I was look at the phone."

"Looking," Cicily akamrekebisha, akacheka bila kutaka. "I was looking."

"Basi nifunze, mwalimu."

Aliitwa Murungi, kijana wa Laare aliyekuja Embu kuuza miraa. Jumatatu alikuwa kiti cha mbele darasani kwake. Kila walipoambiwa waeleze walichokuwa wakifanya jana, yeye alisimama na sentensi ile ile: I was thinking about my teacher. Darasa zima liliangua kicheko. Cicily alijifanya mkali, lakini jioni simu ikilia ilimkuta ameishika mkononi. Alimpenda, na hakuona haja ya kujidanganya.

Mambo yaliharibikia Gachoka, kijijini kwao Cicily. Murungi alivaa koti jipya, akaenda peke yake kwa Mzee Njiru, babake Cicily, akamkabidhi kitita cha miraa teule kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Kisha akanyamaza kwa heshima. Mzee, ambaye hajawahi kutia miraa kinywani, aliona ametukanwa kwake nyumbani. Akamfukuza.

"Baba ni mzee wa kanisa, na wewe unampelekea miraa?" Cicily alimwambia kwenye simu. "Umeniaibisha, Murungi. Usinipigie tena."

Akakata kabla hajajibiwa. Wiki hiyo alifundisha macho yakiwa yamevimba.

Murungi alirudi darasani hivyo hivyo, na koti lile lile. Zamu yake ilipofika alisimama.

"I was asking for you," akasema. Kiingereza kikamwishia hapo. "Kwetu msichana anaombwa kwa kitita cha miraa. Babake akikipokea, amekubali tuongee. Nilidhani kila mtu anajua."

Cicily alitoka nje, akampigia babake, akamweleza yote huku akilia. Mwishowe akamuuliza kama kile kitita alikitupa.

Mzee Njiru alikohoa. "Nilipea mbuzi. Wamemaliza. Mwambie huyo kijana alete ingine. Na safari hii afungue mdomo."

Cicily alirudi ndani akijifuta machozi.

"Murungi, mbuzi wetu wameshakukubali," akasema. "Amebaki Baba."