Mkanda Uliofungwa Juu ya Kiti Kitupu

Simu ilimkuta Mama Kibonge anaanua nguo za mtoto. Mumewe hakusalimu.

"Niletee kitambulisho. Kiko kwenye suruali ya jana. Nipo yadi ya magari, hapa nyuma ya maghala. Fanya haraka, wanakaribia kufunga."

"Yadi ya magari unafanya nini?"

Alishakata.

Basi Mama Kibonge akamfunga mwanawe anayelia mgongoni, akachukua kitambulisho, akatoka huku hasira imemtangulia mlangoni. Maana alijua. Alikuwa anajua siku nyingi. Mume kutwa yuko kwenye lori la kokoto, anarudi ana vumbi hadi kwenye kope, lakini badala ya kulala anakaa na simu anaangalia magari ya spoti. Hili lina nguvu lakini gia zinajibadilisha zenyewe, sasa raha iko wapi. Lile usukani wake mwepesi mno, kama wa mchezo wa watoto. Anasema peke yake, anakunja uso, anatabasamu. Mkewe akimuuliza maji ya kuoga aweke wapi, hasikii.

"Nataka kitu kimoja tu cha kwangu," alimwambia siku moja. "Si cha kubeba mzigo. Si cha kumpeleka mtu mahali. Cha kuendesha tu, nifurahi."

"Na sisi tutakuwa wapi wakati wewe unafurahi?"

Tangu siku hiyo walikuwa wanapishana ndani ya nyumba kama wapangaji.

Alifika yadi jua likiwa linazama. Uzio wa mabati, magari yamepangwa kwa safu, vumbi jembamba limekaa juu ya maboneti. Dalali, mtu mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, alimwona akainamisha kichwa kwa heshima.

"Karibu, shemeji."

Mumewe alikuwa amesimama katikati ya magari mawili. Moja la kijani, paa lake la kukunja. Jingine la kijivu, fupi, limelala chini kabisa kama kitu kinachosubiri.

"Kaka, chukua la kijani," dalali alikuwa anambembeleza. "Paa linafunguka, redio inaimba, kila mtu barabarani atageuka. Hili la kijivu... sikudanganyi, si la kila mtu."

"La kijani ni la kuonekana," mume akasema. "Mimi sitaki kuonekana. Nataka kuendesha. Hili gia zake za mkono, fupi, zinaingia kama kufuli mpya. Injini iko nyuma ya mgongo, unaisikia kwenye uti. Nataka hili."

"Hilo ni la mtu mmoja."

"Lina viti viwili."

"Viti viwili, ndiyo." Dalali akaangalia pembeni. "Lakini la mtu mmoja."

Mama Kibonge akacheka kicheko kikavu. "Angalau kuna mmoja hapa anasema ukweli. Familia watu watatu, gari viti viwili. Hesabu hiyo uliipigia kwenye kokoto?"

"Usianze mbele za watu."

"Nimeanza mimi? Mimi niliyeitwa kama tarishi?"

Mume akampokonya kitambulisho, akampa dalali. Dalali akakipokea polepole, kama mtu anayetamani kukirudisha. "Zunguka mpaka mwisho wa maghala, urudi," akasema. "Peke yako, kaka. Shemeji atakaa kibandani na mtoto." Akaenda kufungua geti.

Peke yako! Hilo neno ndilo lililomchoma. Mama Kibonge akamshusha mtoto mgongoni, akampakata mkononi, akafungua mlango wa abiria.

Hapo akasita.

Mkanda wa kiti ulikuwa umefungwa. Umepita juu ya kiti kitupu, umebanwa kwenye kifungo chake. Na haukulala bapa... Ulikuwa umetuna kidogo hapo katikati, kama umepita juu ya kitu.

"Huu mkanda wa nani?"

Mume alishaingia, mikono iko kwenye usukani, hata hakugeuka. "Wameufunga ili gari lisilie. Kiti kimeharibika, kinadhani kuna mtu amekaa bila mkanda. Hata sisi kwenye malori tunafanya, unapitisha mkanda nyuma ya mgongo, unaubana, kelele zinakwisha. Fungua ukae. Au baki."

Ni kweli, alishamwona akifanya hivyo kwenye lori. Akabonyeza.

Mkanda haukurudi kwa kasi kama mikanda inavyorudi. Ulirudi taratibu, kwa adabu, kama mtu ameushika kwa mkono anausindikiza.

Akakaa.

Kiti kilikuwa cha moto.

Si moto wa jua, gari lilikuwa kivulini. Ni ule uvuguvugu wa kiti ambacho mtu amenyanyuka sasa hivi. Akajiambia ni hasira zake, akafunga mkanda, akamweka Kibonge mapajani. Gari likaunguruma. Walipopita getini dalali aliwaona. Akaona nani amekaa wapi. Akapiga kelele, akaligonga gari kwa kiganja, funguo zikalia kiunoni, lakini mume alishakanyaga mafuta.

Na lilikwenda! Lazima tuseme kweli, lilikwenda. Barabara ya maghala ilikuwa tupu, imenyooka, na mume akaingiza gia ya pili, ya tatu, injini ikapanda sauti hadi ikawa kama wimbo, kona ikaja wakaipita bila kuyumba. Mkewe akamtazama kwa pembe ya jicho. Uso ule ulikuwa mpya. Ulikuwa uso wa yule kijana aliyekuwa anamsubiri nje ya geti la shule, kabla ya lori, kabla ya vumbi. Kwa dakika hiyo, moyo wake ukataka kulainika.

Ting.

"Funga mkanda," mume akasema.

"Nimefunga."

Ting... ting... ting...

"Funga vizuri, unaniharibia."

Akaushika mkanda, akauvuta. Umefungwa. Umebana. Taa nyekundu ya kiti cha abiria inawaka kwenye dashibodi, na gari linalia kwamba kuna mtu kwenye kiti kile hajafunga.

Kisha harufu. Mafuta ya nywele, matamu, mazito, yale ya kupakwa na mwanamke anayejiandaa kutoka. Na chini ya utamu huo harufu ya nywele zilizoungua.

Kibonge alikuwa akilia tangu wanatoka nyumbani. Sasa akanyamaza. Akainua uso, akaangalia juu kidogo ya bega la mama yake. Akatabasamu.

Ting. Ting. Ting.

Pumzi ikampiga mama shingoni. Ya moto.

"Dada..."

Sauti ya kike. Ya chini. Ya mtu anayejizuia asikasirike.

"Dada, umenikalia."

Na hapo ndipo alipohisi kile ambacho makalio yake yalishajua muda wote: hakuwa amekaa juu ya kiti. Alikuwa amekaa juu ya mapaja.

"Simamisha gari!"

"Nini tena?"

"Simamisha! Kuna mtu! Baba Kibonge, kuna mtu chini yangu, wallahi kuna mtu, simamisha!"

Mume akacheka kwa hasira. "Nilijua. Nilijua utatafuta kisa. Siku moja tu, mwanamke, siku moja nifurahi, na wewe unaigiza!" Akaongeza mwendo.

Mkewe akabonyeza kifungo cha mkanda. Hakikuachia. Akabonyeza tena, kidole kikamuuma. Uzito wa mtoto ukaanza kupungua mikononi mwake... taratibu... kama kuna mikono mingine imepita chini ya makwapa yake, imemshika Kibonge kwa upande wa chini, inampima.

"Nipe nimpakate," sauti ikasema. "Wewe umechoka."

Mama Kibonge hakuwahi kuwaza haraka kama alivyowaza pale. Kupiga kelele hakukusaidia. Mume hakusaidia. Akainamisha kichwa akanong'ona, kwa heshima yote aliyofundishwa kwao:

"Dada, nisamehe. Sikujua kiti kina mwenyewe. Mtoto bado ananyonya, hawezi kukaa na mgeni. Niachie nishuke, ukae kwa nafasi."

Ting ikanyamaza.

Mbele kulikuwa na matuta, mume akapunguza mwendo ili asikwangue tumbo la gari. Kifungo kikaachia chenyewe. Tak! Akasukuma mlango, akajitupa nje na bega, mtoto kifuani, goti likachunika kwenye lami. Lakini kumtoa Kibonge kulikuwa kama kumnyofoa. Vidole visivyoonekana viliachia kimoja kimoja.

Mume hakushuka hata kumtazama. "Tembea!" alifoka. Akavuta mlango ukafungwa, akaondoka. Gari lilipotea kwenye kona likiwa halilii.

*

Dalali alikuja mbio kumpokea getini, jasho linamtoka.

"Shemeji, uliufungua ule mkanda?"

"Niliufungua."

"Uliposhuka, uliufunga tena?"

"Nitaufunga saa ngapi na mimi nakufa?"

Dalali akakaa chini kwenye tairi.

"Mwenye gari wa kwanza alilinunua kama mumeo," akasema, akiangalia barabarani. "La raha zake. Kila jioni anatoka peke yake, mkewe anabaki dirishani. Hawakujaliwa mtoto, ndiyo ilikuwa kelele ya nyumba ile. Wanasema mke alikwenda kwa mganga, akaomba dawa ya kutoachwa. Wengine wanasema si dawa, ni uchungu tu. Mimi sijui. Walimkuta asubuhi amekufa kwenye kiti hicho, gari limezimwa, nywele zimeungua na nguo hazikuungua."

"Na wewe unaliuza!"

"Naliuza kwa mtu wa peke yake! Nafunga mkanda mwenyewe, namwambia asiufungue, wanaenda nalo na wanaishi, wakilichoka wananirudishia. Mkanda ndio unaomshika, shemeji. Sikumleta mimi humo, na kumtoa sijui."

Wakati huo gari likaingia. Mume akashuka amechangamka, macho yanang'aa, hata goti la mkewe lenye damu hakuliona.

"Nalichukua," akasema. "Halina tatizo lolote. Hata kile kiti kimepona, hakilii tena."

Mama Kibonge alimsimulia. Alimsimulia pale, alimsimulia nyumbani, alilia, akampigia mama mkwe akamsimulia naye. Mama mkwe akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba mwanawe ana haki ya kupumua, na wake wa siku hizi hawapendi kuona mwanaume anapumua. Mume yeye hakubishana hata. Alimtazama tu, kama mtu anayetazama mvua ya upande wa pili wa mto.

Gari likawa linalala uani, chini ya dirisha. Kila jioni akirudi na lori anaoga, anavaa shati safi, anatoka. Zamani alikuwa akioga kwa sabuni ya kipande na kulala na harufu yake ya dizeli. Sasa akirudi ananukia mafuta ya nywele.

Siku moja mkewe alichungulia pazia wakati gari linaingia. Taa ya ndani ilikuwa inawaka. Mume alikuwa amegeukia kiti cha pili, anacheka, anaeleza kitu kwa mikono miwili, kama alivyokuwa anaeleza zamani nje ya geti la shule. Akasikiliza. Akaitikia kwa kichwa.

Kiti kilikuwa kitupu. Mkanda ulikuwa umefungwa. Umetuna.

Mama Kibonge alikwishapanga kuondoka. Nguo za mtoto zilikuwa tayari kwenye mfuko, alikuwa anasubiri tu mume atoke kama kawaida yake. Jioni iliyofuata mume akaoga, akavaa, akachukua funguo. Akafika mlangoni. Akarudi.

"Mvalishe Kibonge sweta," akasema kwa upole ambao hakuwa nao mwaka mzima. "Nampeleka kidogo akapate upepo."

"Na nani?"

"Na mimi. Na nani tena?"

"Wewe unaendesha. Mtoto hajaweza hata kukaa vizuri. Atakaa vipi?"

Mume akatabasamu, kama ameulizwa swali la kitoto.

"Atapakatwa."

Neno likabaki chumbani. Mume mwenyewe alilisikia, akakunja uso, akataka kulirudisha mdomoni. Mama Kibonge hakungoja. Akamnyakua mwanawe, akaingia chumba cha ndani, akasukuma komeo, akaegemea mlango kwa mgongo. Mume hakugonga. Alisimama tu upande wa pili, na pumzi yake ilisikika, na funguo za gari zilisikika mkononi mwake.

Mkononi mwake. Ndani ya nyumba.

Nje, uani, honi ikalia. Mara moja tu. Fupi, ya adabu, ya mtu aliyekwisha kukaa na anasubiri wenzake.

Kibonge akageuza kichwa dirishani. Akamsukuma mama yake kifuani kwa viganja vyote viwili, akanyoosha mikono kuelekea pazia, na mama alipomkumbatia kwa nguvu zaidi, akaangua kilio. Hakikuwa kilio cha njaa. Hakikuwa cha woga.

Alilia vile anavyolia kila jioni gari likitoka, yeye akiachwa nyumbani.