Mande, Bi Mkubwa

Jumamosi ile sauti ya Mama Herminia, mwenye nyumba aliyompangisha Noemi, iliita kutoka uani, "Noemi!", na Noemi akaitika "Mande!" akateremka ngazi mbio, mswaki ungali mdomoni. Uani hapakuwa na mtu. Palikuwa na kamba ya nguo, tangi la maji lililochimbwa chini ya sakafu pamoja na mfuniko wake wa chuma, na kasuku aitwaye Wakili, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno.

"Ni wewe, mshenzi?" Noemi alimuuliza kwa Kihispania chake cha kuungaunga. "Unanitoa bafuni kwa upuuzi?"

Kasuku hata hakumsikia. Alikuwa amelala, kichwa kimezama kwenye bawa. Nusu saa baadaye Mama Herminia aliingia kutoka sokoni na kikapu cha pilipili, akashangaa kuambiwa kwamba alikuwa ameita.

Noemi alicheka yakaisha. Kwao Kanada, katika mji ulio kando ya mto mkubwa unaoganda kila Januari, mtu akikuita unajibu "Nini?" na hakuna anayekasirika. Alipofika mji wa Xalapa mwezi Agosti, kusoma muhula mmoja katika chuo kikuu cha pale, alijibu hivyo mezani mara moja tu, Mama Herminia akaweka kijiko chini. "Mwanangu, hapa hatujibu kama tunafukuza mbuzi. Mkubwa akikuita, sema mande." Mande ni labeka ya watu wa huko, na ukilifasiri neno hilo kama lilivyo, maana yake ni "niamuru". Noemi aliliandika daftarini mara ishirini kama mtoto aliyeadhibiwa, na tangu hapo hakuna mwenyeji aliyemzidi adabu. Hata muuza tamale, ile mikate ya mahindi ya mvuke, alikuwa akimwita dirishani makusudi, asikie ile mande yake ya puani, kisha acheke mpaka kona ya barabara.

Mama Herminia naye alijisifu kwa majirani. Kulikuwa na jambo jingine la kumfundisha msichana yule, jambo dogo tu, na hakumfundisha.

Juma lililofuata ikaanza habari ya ndoo. Aliyeigundua ni Yuridia, mwanafunzi wa uuguzi kutoka Misantla, aliyepanga chumba cha jirani.

"Dada, hii ndoo ya nani?"

"Ndoo gani?"

"Hii hapa, imejaa maji mbele ya mlango wako. Jana ilikuwapo, leo ipo tena. Nimeipiga teke, soksi zangu zote chapachapa."

"Nilidhani ni yako," Noemi alisema.

Yuridia alimtazama miguuni. Suruali yake ya kulalia ilikuwa mbichi mpaka magotini, na ilinuka maua yaliyosahauliwa kwenye jagi mpaka maji yakawa kama kamasi.

"Umeshuka uani alfajiri?"

"Sijashuka." Noemi alishusha sauti. "Nimeota nimeshuka. Mtu aliniita, nikaitika, akasema lete maji. Nikaleta."

"Mtu gani?"

"Sauti ilikuwa ya Mama Herminia. Lakini Mama Herminia husema tafadhali. Huyu hakusema."

Yuridia aliinua ndoo ile. Alimwaga yale maji bafuni, na harufu ile ikakaa mikononi mwake siku nzima, hata alipozisugua kwa dawa ya hospitali.

Alhamisi ukungu ulishuka tangu saa sita, ule ukungu wa Xalapa unaoingia ndani bila kubisha hodi. Saa tisa wote watatu walikuwa jikoni wakingoja chakula. Mama Herminia alikuwa amesimama mbele ya jiko, akikoroga maharage, mgongo wake umewaelekea, na Noemi alikuwa akisimulia jinsi mwalimu alivyomsahihisha darasani, ndipo sauti ya Mama Herminia ilipotoka uani.

"Noemi."

Mwiko ulisimama ndani ya chungu. Yuridia alimwona Mama Herminia akigeuka, midomo yake imefumbwa kabisa, akitikisa kichwa kwa nguvu kumwambia msichana asijibu, asijibu, lakini kinywa cha Noemi kilikuwa kimekwisha kuzoea, kikafunguka chenyewe kikasema "Mande!", na hapohapo akainuka kitini, akapita katikati yao kana kwamba hawapo, akatoka uani pekupeku, akapiga magoti juu ya sakafu yenye maji, akashika mfuniko ule wa chuma ambao huinuliwa na wanaume wawili, naye akausukuma peke yake, taratibu, kama mtu anayesogeza sahani, huku Yuridia amemng'ang'ania kiunoni akipiga mayowe na Mama Herminia akimvuta nywele na kusali kwa pamoja, na kutoka katika upenyo mweusi uliofunguka ile harufu ya maua ikapanda ikawaziba pumzi wote watatu.

Walimburuta mpaka jikoni wakafunga mlango. Noemi alitazama mikono yake yenye damu kwenye kucha.

"Nilikuwa nasikia mnaniita," alisema, akaanza kulia. "Nilitaka kusimama. Miguu ilikataa. Mama, miguu yangu haikunisikiliza!"

Yuridia alimgeukia Mama Herminia. "Ulikuwa unajua?"

Mama mtu mzima aliketi. "Nyumba hii ilikuwa ya Bi Mkubwa Leocadia. Alilala kitandani miaka kumi, akiita watumishi mchana kutwa. Siku aliyokufa alimwita Delfina, msichana wake wa kazi, naye akachelewa. Wiki moja baada ya mazishi, Delfina aliitikia sauti uani. Walimkuta ndani ya tangi, ndoo mkononi. Bibi yangu alitufundisha, ndani ya nyumba hii usiitike mpaka umeuona uso wa anayekuita. Sisi wote tumekua hivyo. Tunanyamaza, tunatoka, tunatazama."

"Na huyu?"

"Huyu nilimfundisha neno, kanuni yake sikumfundisha. Niliona haya. Ningemwambiaje msomi wa watu kutoka Kanada? Angenicheka."

"Sasa tucheke," Yuridia alisema kwa hasira. Akaenda kumtafuta Bibi Tomasa, mganga wa mtaa ule.

Bibi Tomasa alikuja siku ya pili asubuhi na mfuko wa sokoni. Ndani mlikuwa na fungu la mrehani, mayai mawili na chupa ya pombe kali. Kasuku alipoanza kupiga kelele, bibi alitupa kitambaa juu ya kizimba chake. Alimpangusa Noemi kwa majani kutoka utosini mpaka nyayoni, akampitishia yai mwili mzima, akalivunja ndani ya bilauri. Yai lilitoka na maji meusi, likanuka maua.

"Amri ya kwanza ni maji," alisema polepole. "Ya pili ni mfuniko. Ya tatu ni kushuka, na ya tatu haijatoka. Mimi nafagia vumbi, binti yangu. Neno silifagii. Ulilitoa wewe, ulirudishe wewe."

"Nitalirudishaje?"

"Akikuita, mjibu vibaya. Mjibu kama unavyomjibu mtu asiyeogopwa wala kuheshimiwa."

"Nimjibu 'Nini?'" Noemi aliuliza.

"Hilohilo."

Mama Herminia aliinamisha uso kwa aibu. Bibi Tomasa akaongeza, "Na lile neno lako lisibaki humu ndani. Kwenye karatasi, ukutani, popote lilipo, litoke."

Walichoma daftari ndani ya chungu cha udongo, ukurasa mmoja mmoja, wakapangusa ukuta wa chumba chake alikokuwa ameliandika kwa penseli. Kisha wakaketi uani kuuzunguka mfuniko, wakangoja.

Iliita kwanza kwa sauti ya Mama Herminia, na Noemi akauma mdomo. Ikaita kwa sauti ya Yuridia, karibu kabisa na sikio lake, na Yuridia aliyekuwa ameketi mbele yake akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Ukungu ukazidi, mrehani ukanyauka mikononi mwa Bibi Tomasa, na ndipo kutoka chini ya chuma ikapanda sauti ya mwanamke mwingine, laini, yenye uchovu wa mchana wa kazi, ikimwita "Nono", jina ambalo hakuna mtu hata mmoja Xalapa aliyelijua, jina ambalo mama yake alikuwa akimwita alipokuwa mdogo, na machozi yakamtoka Noemi na kinywa chake kikaanza kufunguka kwa ile herufi ya kwanza, mmm, huku Mama Herminia akimtazama.

"Nini!" Noemi alipiga kelele. "Nini! Unataka nini!"

Mfuniko ulijipiga chini kwa kishindo, nyufa zikakimbia sakafuni. Harufu ikakatika. Walikumbatiana wakalia, na Bibi Tomasa akanywa pombe iliyobaki. Chini ya kitambaa, ndani ya kizimba, Wakili alijikung'uta mabawa mara moja akatulia.

Desemba Noemi alirudi kwao. Kituoni alimwita Mama Herminia mama, na Mama Herminia alilia kama anayeaga binti wa tumbo lake.

Januari, saa tisa ya mchana, maharage yakiwa jikoni, sauti ya puani ilisema uani, "Mande!"

Yuridia aliruka, kisha akacheka. "Wakili amefufuka! Miezi mitatu bubu, leo amemkumbuka Noemi wake."

Kasuku hakuwatazama. Aliinamisha kichwa upande wa tangi, akatulia, kama anayesikiliza maelezo marefu. Kisha akasema kwa sauti ileile, "Nakuja, Bi Mkubwa."

Mama Herminia aliangusha mwiko. Karatasi walichoma, ukuta walipangusa. Kitu hiki kilichobeba neno la Noemi pamoja na sauti yake walikuwa wamekifunika kwa kitambaa. Alikimbilia simu, vidole vikikosea namba mara mbili. Aliyepokea ni mama yake Noemi, ambaye alikuwa amejifunza Kihispania kidogo ili aweze kushukuru.

"Noemi yuko wapi?"

"Ametoka, bibi. Amechukua ndoo, bila viatu, na barafu hii yote! Nilimwita, akanijibu neno moja tu. Mande. Ni nini mande?"

"Mkimbilie! Mshike, sasa hivi!"

"Namwona dirishani. Yuko mtoni, kwenye tundu walilotoboa wavuvi katika barafu. Anainama... Nono! Nono!"

Simu ikagonga sakafu kule mbali, mlango ukabamizwa, nyayo zikakimbia.

Na uani, kasuku akasema kwa sauti ya Noemi, kwa adabu zote, "Nimefika, Bi Mkubwa."