Hamira ya Uzi Mweusi

Maabara ya hamira haipaswi kunukia mkate. Hamira ya pale hula sukari kwenye visahani vya plastiki, haijui unga wala moto. Lakini asubuhi ile, fundi wa maabara alipofungua chumba cha joto, harufu ya mkate ulioungua ilimpiga usoni. Alijua imetoka wapi, akaurudisha mlango.

Kazi yake ilikuwa kuhamisha chembe ya hamira kwa kijiti, kila siku, kutoka sahani ya jana kwenda sahani mpya. Mistari kumi ya uzao, siku mia moja. Hamira nzima huota nyeupe. Jeni fulani ikiharibika, huota nyekundu. Ndivyo Profesa alivyopima jinsi urithi unavyokosea kizazi hadi kizazi. Jana yake mstari wa saba ulikuwa umemfia fundi kwa uzembe wake. Badala ya kusema, alichukua sahani isiyo na jina nyuma ya friji, iliyofungwa uzi mweusi, akaukata uzi, akaziba pengo. Mficha uchi hazai, walisema wahenga; yeye alikuwa keshazaa, binti mmoja wa miaka saba, akaona methali haimhusu.

Asubuhi ile ya harufu, kwenye sahani hiyo yakaota madoa mekundu matatu, yamepinda. Siku iliyofuata, yaleyale, palepale.

"Kosa la jeni halichagui mahali, haya yanachagua," Profesa alinong'ona, macho yakimng'aa. "Fundi, huu ni ugunduzi."

Jioni, akimwogesha binti yake, fundi aliyaona shingoni: matatu, yamepinda vilevile.

"Yanauma?"

"Hayaumi, mama. Yanagonga."

Siku ya nne yalikuwa saba, na adhuhuri ile fundi alisimama chumba cha joto akisikia kidole kikigonga chini ya kifuniko, taratibu, kama mtoto aliyefungiwa chooni, huku harufu ya kuungua ikizidi, naye akihesabu madoa na kujua, kabla hata jirani hajampigia simu, kwamba binti yake amelala na homa na shingo yake ina madoa saba.

Mfagiaji, bibi aliyefanya kazi pale miaka mingi kuliko wote, alimkuta akilia.

"Uzi umeukata wewe?"

"Ni mimi, bibi."

"Aliyekaa kwenye meza yako zamani ndiye aliyemfunga jini humo. Jini huyu anaishi kwenye kosa lililofichwa, mwanangu. Liseme, kisha umchome."

"Nikisema nitafukuzwa kazi."

"Na usiposema?"

Fundi aliandika kwenye daftari la maabara: *Mstari wa saba si wetu. Nilidanganya.* Akayasoma maneno hayo kwa sauti, akazitia sahani zote za mstari ule kwenye mashine ya mvuke inayounguza vijidudu. Ndani kukagongwa, kukagongwa, kisha kimya. Jioni ile shingo ya binti ilikuwa safi, na mtoto akala akaomba aongezwe.

Asubuhi akamweleza Profesa kila kitu. Profesa alisoma daftari, akacheka kidogo.

"Umekosea, umekiri, yameisha. Ila mstari ule siutupi, na ukurasa huu hautaonwa na mtu. Niliweka akiba kwenye friza. Usiku wa jana nimeuotesha kwenye sahani arobaini."

Harufu ya mkate ulioungua ilikuwa imeshafika mlangoni. Simu ya fundi ikaita. Alikuwa mwalimu wa binti yake, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Mama, njoo shuleni. Watoto wana madoa shingoni. Darasa zima, wote arobaini."