Kifuniko cha Redio ya Mzee Abubakar

Stendi ya Ukunda ilikuwa imefurika watu, tuktuk zinapigiana honi, na katikati ya vurugu hiyo msichana wa buibui na mtandio wa zambarau alikuwa amekumbatia redio ya mbao kama mtoto mgonjwa.

"Dada, hiyo redio unaipeleka hospitali?" Chengo alimuuliza.

"Naipeleka kwa fundi. Wewe daktari?"

"Wa kompyuta."

"Basi umepata mgonjwa."

Jina lake Twaiba, wa Tiwi. Redio ilikuwa ya marehemu babake, Mzee Abubakar. Mashine ilishaliwa na kutu, mbao bado nzima. Yeye kazi yake kuchapia watu barua, akataka kompyuta yake ikae humo humo, kioo kiingie palipokuwa na spika, na kile kidude cha kutafutia stesheni kiwe swichi.

Wiki tatu Chengo alipima, akakata, akatoboa matundu ya feni. Twaiba naye haishi kuja, mkononi viazi vya karai vya moto.

"Kwetu hawatakubali mkwe asiyejua hata alifu," alimtania.

"Si unifundishe."

"Maliza kazi kwanza, mpenzi."

Alhamisi simu ikalia. "Chengo wangu, kesho nakuja na mama aione. Na wewe akuone."

Chengo hakutaka aibu, wallahi. Akaamua kuing'arisha nje na ndani. Chini ya kifuniko palikuwa na mistari ya penseli, herufi za Kiarabu asizoweza kuzisoma. Hakujiuliza. Mafundi wa redio huandika humo tarehe waliyotengeneza, hata yeye huandika. Akapiga msasa, akapaka vanishi mara mbili.

Ijumaa mama mtu akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kioo hakukitazama. Aliinua kifuniko, akapitisha kiganja.

"Maandishi yako wapi?"

"Yale ya mafundi? Nimeyasafisha, mama."

Twaiba akakaa chini, pale pale kwenye vumbi la mbao. "Ni mkono wa baba, Chengo. Kila mtoto aliyezaliwa alimwandika humo. Tulikuwa sita, wanne tumewazika. Hawakuandikwa kwingine."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwetu hakuna asiyejua."

Chengo akapekua simu, akitafuta picha ya kifuniko kwa ndani. Picha arubaini na moja za kuweka status, zote za mbele.

"Twende, mwanangu," mama akasema, hata hakupandisha sauti, wakaondoka na redio yao.

Mwezi ukapita ndipo Twaiba akapiga.

"Inawaka vizuri?" Chengo akauliza.

"Inawaka."

"Nisamehe, Twaiba."

"Nilikusamehe siku ile ile. Lakini nikiinua kifuniko nakuona wewe. Nilizoea kumuona baba. Usinipigie tena, mpenzi. Ukipiga nitapokea."

Kile kipande cha msasa bado kimetundikwa msumarini karakanani kwake, kijivu cha penseli kimeganda juu yake. Mteja akikigusa, Chengo humwambia akirudishe.