Chini ya Alama ya Chaki

Kila siku saa kumi alasiri, Kasuku alivua sare za shule, akafua soksi zake, kisha akaongozana na kaka yake kwenda kwenye chumba cha muziki kilichokuwa juu ya karakana ya seremala. Chini misumeno ilikereza mbao. Juu kaka mtu aliimba. Kasuku alikuwa na miaka kumi na miwili, na alijua piano vya kutosha kumpigia noti za mazoezi. Jina la Kasuku walimbandika nyumbani kwa sababu mdomo wake haukuwa na kitasa. Neno likisemwa jikoni asubuhi, adhuhuri mtaa mzima unalo.

Kaka yake, waliyemwita Ngurumo, alikuwa na miaka kumi na minane. Sauti yake ilipovunjika ilishuka chini kuliko ya mjomba yeyote katika ukoo. Akibisha hodi, vikombe kabatini vilimwitikia. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha muziki, akitaka kuwa mwimbaji wa besi, yule mwenye sauti nzito kuliko wote katika opera, anayejaza ukumbi bila kipaza sauti.

Mwalimu wake, mzee aliyeimba besi majukwaani miaka thelathini, hakuwa mtu wa papara. Alimlaza Ngurumo sakafuni na kumwekea kitabu tumboni.

"Pumzi kwanza," alisema. "Kitabu kipande, kitabu kishuke. Mabega yalale usingizi. Na hiyo shingo, kwa nini umeikaza kama unabeba gunia?"

"Natafuta noti ya chini, Mwalimu."

"Haitafutwi kwa mabavu. Sauti ya besi huchelewa kukomaa, mwanangu. Ukiikamua leo, kesho itakunyima."

Mzee akachora alama ya chaki kwenye kibonye kimoja cha piano. "Chini ya hapa ni marufuku, mpaka niseme mimi."

"Nimekuelewa, Mwalimu," Ngurumo aliitikia. Lakini Kasuku alimwona akikaza taya.

Wiki mbili kabla ya mtihani, Ngurumo alisikia kwamba kuna mshindani wake anayeshuka noti tatu chini yake. Tangu siku hiyo hakutulia. Siku ambazo Mwalimu hakuwepo, waliachiwa ufunguo wafanye mazoezi mepesi. Ngurumo alifunga mlango, akaifuta ile chaki kwa kidole gumba, akasema, "Piga za chini."

"Mwalimu amekataza, kaka."

"Mwalimu hatafanya mtihani. Nitafanya mimi. Au unataka kwenda kupayuka kama kawaida yako?"

Maneno hayo yalimchoma. Kasuku aliapa moyoni kwamba safari hii ataonyesha kuwa naye anajua kutunza siri. Akapiga noti za chini. Ngurumo akakandamiza kidevu kifuani, akalazimisha sauti ishuke. Ilitoka nzito, yenye mikwaruzo, kama kabati linaloburutwa sakafuni. Walipomaliza, Kasuku aliichora upya ile alama mahali pake. Chaki ilimganda kwenye vidole, naye akavifuta kwenye sketi mara tatu.

Siku zilivyopita, mambo madogo madogo yalianza kubadilika nyumbani. Ngurumo akawa anakohoa kila asubuhi, kohozi lisilotoka. Akiulizwa kitu mezani, alijibu kwa kichwa.

"Mwanangu siku hizi kiburi," mama alilalamika huku akishona nguo za wateja. "Hata chuo hajaingia, keshaacha kusalimia watu!"

Kasuku peke yake alijua kwamba halikuwa suala la kiburi. Alimwona kaka yake akimeza vidonge vya maumivu kabla ya kuimba, viwili, halafu vitatu. Halafu alasiri moja, katikati ya noti, Ngurumo alikohoa kwenye leso, akaikunja haraka. Haikuwa haraka ya kutosha. Kasuku aliona matone mawili mekundu.

"Kaka, hiyo ni damu!"

"Ni fizi," alinong'ona. "Ukisema, usiniite kaka tena."

Siku iliyofuata Mwalimu alimsikiliza Ngurumo akiimba. Sauti ilikuwa imeshuka kweli. Badala ya kufurahi, mzee aliacha kupiga piano.

"Imeshuka upesi mno," alisema. Akamgeukia Kasuku. "Binti, huwa mnavuka alama yangu?"

Kaka yake alikuwa akimkazia macho.

"Hapana, Mwalimu."

Usiku ule hakula. Kwa mara ya kwanza alikuwa ametunza siri, lakini siri yenyewe ilimlalia kifuani kama jiwe la kusagia.

Ijumaa, kesho yake ikiwa mtihani, Ngurumo alitaka mazoezi ya mwisho. Alifungua kinywa kwenye noti ya chini kabisa. Hakukutoka sauti. Ulitoka upepo mtupu. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Upepo. Akashika koo, akameza kidonge kingine, akamwonyesha Kasuku kwa kidole: piga.

Kasuku aliondoa mikono kwenye piano.

"Sipigi," alisema. "Niite kasuku, niite lolote, sipigi."

Akatoka mbio, akashuka ngazi mbili mbili, akakimbia hadi nyumbani kwa Mwalimu, mtaa wa pili. Alimkuta akimenya viazi. Alimweleza yote bila kupumua: chaki, vidonge, leso, na uongo wake mwenyewe. Mzee aliacha kisu kwenye sinia, akavaa viatu bila soksi.

Saa moja baadaye walikuwa wamemfikisha Ngurumo kwa daktari wa koo, pamoja na mama aliyekuja na futi ya kupimia bado ikining'inia shingoni. Daktari aliingiza kifaa chembamba chenye taa, akatazama kwa muda mrefu.

"Nyuzi za sauti zimevimba," alisema. "Kuna mshipa mdogo unaovuja damu. Angeimba kesho kwa nguvu, huenda ungepasuka kabisa, na kovu lake halifutiki. Kuanzia sasa, wiki nne za kimya. Hata kunong'ona hapana."

Ngurumo akaomba karatasi. Akaandika kwa herufi kubwa na kumsukumia dada yake: UMENIHARIBIA MAISHA.

Kasuku alilia njia nzima. Mtihani ulipita bila wao. Mwalimu alikwenda chuoni na cheti cha daktari, wakakubali kumpima Ngurumo mwaka unaofuata. Nyumbani kukawa kimya kama nyumba iliyohamwa. Hata vikombe havikuitika tena.

Wiki ya tano daktari alimruhusu Ngurumo kuongea dakika tano kwa siku. Mbili za kwanza alimgombeza Kasuku. Zile tatu zilizobaki akamwomba msamaha.

Miezi mitatu baadaye aliimba tena, polepole, mabega yamelala. Sauti haikushuka sana, ila ilikuwa safi, na haikuuma. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho.

"Nilipokuwa na umri wako," alimwambia Ngurumo, "nami nilijikamua hivyo hivyo. Rafiki yangu aliona, akanyamaza ili asinikere. Nilipoteza noti nne, hazikurudi hadi leo. Mwili hauogopi mtihani, mwanangu. Ukiudai usichonacho, unakulipa kwa maradhi."

Kasuku aliinamisha kichwa. "Hata mimi nilinyamaza, Mwalimu. Tena nilikudanganya."

"Ulidanganya, na hilo ni kosa," mzee alisema. "Halafu ukasema kweli ungali na muda wa kusaidia. Wengi hungoja mpaka wa kumsaidia hayupo. Siri ya kumfurahisha mtu, itunze. Siri inayomla mtu, itoe, hata kama ni yeye mwenyewe aliyekuapisha."

Akamsogezea kiti karibu na piano. "Haya, tuendelee. Mpigie kaka yako noti ya kwanza."