Kabati Lililochukuliwa na Bima

Mama Sindano alikuwa mshonaji. Wateja wake walimpa jina hilo kwa sababu hakukosa sindano iliyochomekwa kifuani, hata anapokwenda harusini. Alishonea sebuleni, karibu na dirisha. Mume wake alikuwa mlinzi wa ghala. Kila asubuhi alirudi kutoka kazini, akanywa chai, akalala huku mkewe akikanyaga cherehani. Alikuwa ameizoea sauti ile. Cherehani ikinyamaza, ndipo alipoamka.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, seremala. Mwaka uliotangulia aliangukiwa na ukuta kazini, akafariki. Aliwaachia vitu viwili alivyovitengeneza kwa mikono yake: kabati la vitambaa vya mama yake, na meza ya kulia chakula. Mama Sindano alivifuta vumbi kila siku. Mume wake alivipita kama mtu anayempita mdai wake.

Siku moja walikwenda msibani. Huku nyumbani, tangi la maji lililokuwa juu ya dari likapasuka. Dari lote likaanguka sebuleni. Walipofungua mlango, maji yalitoka kuwapokea.

Mume alikunja suruali, akaanza kubeba vitu nje. Alitupa godoro, akatupa zulia. Gari la taka lilikuwa linapita, likavichukua. Alikuwa ameshika mlango wa kabati, anauvuta, jirani yao alipoingia na ndoo mkononi.

Jirani huyo alikuwa mama mstaafu. Alifanya kazi miaka mingi katika kampuni ya bima, na mtaani walimwita Bibi Bima.

"Shemeji, unatupa nini?" aliuliza.

"Takataka."

"Nyumba hii si ina bima?"

"Inayo. Benki ilitulazimisha tulipokopa."

"Na vitu vya ndani?"

"Navyo vimo," alijibu Mama Sindano. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, miguu ndani ya maji.

"Basi acheni kutupa. Kampuni itamtuma mkadiriaji wa hasara. Huyo anataka kuviona kwa macho yake. Vipigeni picha, viwekeni pakavu, mumngoje."

Walimngoja. Mkadiriaji alikuja na tochi na viatu vya mpira. Alikagua cherehani, akasema fundi ataitengeneza na kampuni italipa. Akagonga kabati. Mbao zilikuwa zimevimba, na mgongo umebanduka. Meza ilikuwa imepinda.

"Hivi viwili kuvitengeneza ni ghali kuliko kununua vipya," alisema. "Tutawalipa bei kamili."

"Na godoro? Na zulia?" mume aliuliza.

"Viko wapi?"

"Nilivitupa."

"Mna picha?"

Hawakuwa nazo. Mkadiriaji alitikisa kichwa. "Mzee wangu, siwezi kulipia kitu nisichokiona."

Mume aliitwa ofisini kusaini makubaliano ya fidia. Alikwenda peke yake. Aliporudi alisema tu, "Tayari." Mkewe hakumhoji. Tangu msiba wa mtoto wao, maneno yalikuwa yameadimika nyumbani humo.

Siku chache baadaye Mama Sindano alitoka kumpelekea mteja nguo. Aliporudi, lori lilikuwa linakata kona. Sebuleni, mahali pa kabati, palikuwa na alama ya unyevu ukutani. Vitambaa vyake vilikuwa vimerundikwa sakafuni. Mume wake alikuwa amesimama katikati ya chumba.

"Kabati liko wapi?"

"Wamelichukua watu wa bima. Lori limejaa. Kesho watarudia meza."

"Wamelichukua kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu. Niliulizwa kama tunataka kubaki na mabaki. Nikasema hatutaki."

Mama Sindano alimtazama. Mkono wake ulipanda wenyewe hadi kifuani, ukaishika sindano.

"Kila nikiliona namwona yeye anapiga randa," mume alisema. "Sina pa kutazama humu ndani, mama watoto."

"Mimi je? Mimi nitamwona wapi?"

Mama Sindano alifunga mlango polepole, akaenda kwa Bibi Bima.

"Wameniibia," alisema.

Bibi Bima alimpa kiti. "Hawajakuibia, dada. Nisikilize hata kama inauma. Kampuni ikikulipa bei kamili ya kitu, ni kama imekinunua kwako. Yale mabaki yanakuwa mali yake. Inaweza kuyauza ili irudishe kidogo."

"Mbona cherehani hawakuigusa?"

"Kwa sababu walilipa ufundi tu. Kitu kikitengenezwa kinabaki chako. Ni pale wanapolipa kitu kizima ndipo swali linapokuja, nani atabaki nacho."

"Na mimi nikikitaka?"

"Unasema mapema, kabla ya kusaini. Wanapima yale mabaki yana thamani gani, wanaikata kwenye fidia yako, unabaki na kitu chako. Wengine hawana hata haja nayo, wanakuachia bure. Lakini omba wakuandikie, wasije wakabadilika. Na usome mkataba wako, maana kampuni hazifanani." Kisha akauliza, "Fidia mmeshalipwa?"

"Bado."

"Basi twende sasa hivi."

Ofisini walimkuta msichana anayeshughulikia madai ya fidia. Alisikiliza mpaka mwisho. "Mume wako ameshasaini," alisema. "Hatulazimiki kubadilisha."

"Tunajua," alisema Bibi Bima. "Tunaomba."

Msichana aliingia ndani kwa mkubwa wake. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alisema, "Meza mnaweza kubaki nayo, ila fidia yake itapungua, na mwenye bima aje asaini upya. Kabati lilipelekwa yadi. Jaribuni huko."

Yadi ilikuwa uwanja wa lami nyuma ya karakana. Friji zilizoungua zilipangwa kama meno mabovu. Mama Sindano alipita kila safu. Mwisho mlinzi wa yadi alimwambia kabati lilinunuliwa na muuza kuni mara tu liliposhushwa.

"Alilibeba zima?" aliuliza.

Mlinzi alitazama chini. "Alilipasulia hapa hapa, mama. Halikuenea kwenye mkokoteni."

Palikuwa na vibanzi kwenye lami. Mama Sindano hakuokota hata kimoja.

Nyumbani alimweleza mume wake yote, bila kupandisha sauti. Mume alifunika uso kwa viganja.

"Nilidhani vikiondoka nitapumua," alisema.

"Umepumua?"

"Hapana."

Kesho yake hakulala alipotoka kazini. Alikwenda ofisini na sare yake ya ulinzi, akasaini upya. Lori lilipokuja, dereva alionyeshwa karatasi, akaondoka mkono mtupu.

Fidia ilipoingia ilikuwa pungufu kidogo. Ilitosha kujenga dari na kununua kabati la kiwandani. Godoro walilinunua kwa pesa ya mfukoni. Tangi jipya waliliweka nje, chini, kwenye jukwaa la zege. Mume alianza kupiga picha kila kitu cha ndani, hadi sufuria.

Baada ya miezi, nyumba ya mtaa wa pili iliungua. Mama Sindano alikwenda kumpa pole mwenye nyumba. Alimkuta anazoa majivu kwa koleo.

"Weka koleo chini kwanza," alimwambia. "Kuna kitu humo ndani ambacho hungependa kiondoke?"

Yule mwanamke alifikiri, kisha akaonyesha kitanda cha chuma kilichopinda.

"Basi waambie watu wa bima leo. Usingoje karatasi ya kusaini."

Jioni hiyo Mama Sindano aliandaa chakula. Meza ilikuwa imepinda kiasi kwamba mchuzi ulilala upande mmoja wa bakuli. Mume wake aliketi mahali alipokuwa akiketi mtoto wao. Alipitisha kiganja juu ya mbao, taratibu, hadi kwenye ukingo.

"Alikuwa na mkono mzuri," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja wakiwa mezani.